Gita Mbili na Chupa

Jumamosi, 5 Machi 1988

Omena, dagaa wetu wa ziwa, bado ni mbichi katikati. Mvua ya jana. Nimemwachia Mama Zuhura wa mlango wa pili ageuze, mimi nikamfunga Adhiambo mgongoni nikaenda kwa Njoroge.

Njoroge ana kioski ya kaseti karibu na soko. Kila Jumamosi wanaume watano wanakaa kwa benchi yake na mchezo wao mmoja. Kila mtu analeta kaseti ya bendi ambayo wengine hawajui. Njoroge anaipiga. Mtu akitaja jina la bendi kabla mwimbaji hajafungua mdomo, mwenye kaseti anachekwa na ananunua soda. Wote wakishindwa, yeye ndiye mkubwa wa wiki.

Mkubwa wao siku zote ni Okelo. Shati ya pasi, kalamu mbili mfukoni. Ati anakaa Milimani, kwa matajiri.

Nikawauliza tena kaseti ninayotafuta. Bendi ndogo, ilipiga Kendu Bay kwa harambee, Desemba mwaka juzi. Gita mbili na mtu wa kugonga chupa ya soda. Owino, bwana yangu, alilipa wimbo upunguzwe ajisifu kwa sauti, vile wanaume wetu Wajaluo hufanya. Kulikuwa na mtu anarekodi. Owino alirudi nyumbani akinisimulia na kucheka. Mimi nilikuwa na mimba ya miezi sita, nimenuna kwa sababu ya hiyo pesa, sikuuliza hata jina la bendi. Februari homa ikamchukua kwa siku nne. Adhiambo akazaliwa mwezi uliofuata.

Hatuna picha yake hata moja. Nataka mtoto asikie sauti ya baba yake. Basi.

Okelo akasema, "Mama, hapa si kliniki ya watoto. Nenda uanike samaki."

Benchi yote ikacheka. Namchukia huyu mtu. Nachukia hata kalamu zake.

Jumanne, 8 Machi

Nimemwambia Mama Zuhura vile nilichekwa. Yeye ni mtu wa Kaloleni, marehemu bwana yake alikuwa akipiga ngoma kwa bendi za mjini, na sanduku la kaseti liko chini ya kitanda. Akasema, "Mwanangu, wale wanajua majina. Muziki hawaujui." Akanipa moja. Kamongo Stars. Si ile ninayotafuta, lakini nisikilize tu.

Nimesikiliza kwa redio ya kaseti nikigeuza omena. Gita ya pili inaingia kama mtu anayekimbia mvua. Adhiambo akashika ndoo akatingisha matako. Nilicheka peke yangu mpaka betri zikaisha. Nimezianika juu ya bati.

Jioni mama mkwe akafika kutoka Nyakach. Akamwangalia mtoto, akasema tena kwamba Owino alitaka kijana.

Ni kweli. Hata mimi aliniambia. Alikuwa akigusa tumbo anasema, lete kijana wa kunishikia spana. Alikuwa fundi wa baiskeli. Sikupenda. Mpaka leo sijamsamehe kwa hilo. Amekufa na sijamsamehe.

Jumamosi, 12 Machi

Leo nimewanyamazisha.

Nilimpa Njoroge kaseti ya Mama Zuhura nikakaa mwisho wa benchi bila kukaribishwa. Gita ya kwanza, kimya. Gita ya pili, kimya. Mwimbaji akaanza, hakuna aliyetaja. Mmoja akapiga kofi gotini akasema, "Wacha! Muuza omena ametuua!" Moyoni nilikuwa naruka.

Okelo hakucheka. Akasema hiyo si kitu. Yeye anayo kaseti yenye gita mbili na chupa, Opuk Jazz, ilirekodiwa kwa harambee Kendu Bay, zimetolewa tatu peke yake. Alibadilishana na mtu wa Homa Bay.

Nikasema ndiyo hiyo. Nikamwomba mbele ya watu. Nikamwambia nitanunua kaseti tupu mwenyewe, anirekodie tu.

Akasema, "Nikikupa wewe, kesho kila muuza samaki wa Dunga anayo. Itakuwa na maana gani sasa?"

Nimetembea hadi nyumbani nikimtukana kwa sauti. Watu waliniangalia. Waangalie.

Jumatano, 16 Machi

Adhiambo mwaka mmoja leo. Mandazi mbili. Amepiga hatua nne kutoka kwa ndoo mpaka kwangu.

Sauti ya baba yake iko kwa sanduku la mtu hapa hapa Kisumu. Inakaa bure kama shuka la wageni.

Jumamosi, 19 Machi

Njoroge alingoja benchi iishe watu, akaniita. Kumbe ule utepe wa Okelo wa Opuk Jazz uliwahi kujisokota akauleta kutengenezwa, na Njoroge kabla ya kuurudisha akajirekodia yake. Akanipa nakala, imefungwa kwa gazeti. Nisiseme ni yeye.

Mungu ambariki huyu Mkikuyu. Nitaisikiliza kesho baada ya kanisa.

Jumapili, 20 Machi

Imekatwa.

Wimbo unaanza vizuri, chupa inalia, halafu gita zinashuka chini vile hufanya mtu akitaka kujisifu. Halafu tak. Gita ziko juu tena. Nimerudisha nyuma mara kumi na moja. Wimbo wa pili pia, tak. Nyimbo zote. Palipo na mtu wa kuongea, hakuna mtu.

Nimelia mpaka Adhiambo naye akaanza kulia.

Jumatatu, 21 Machi

Nilikuwa kwa mlango wa Njoroge kabla hajafungua. Akanijibu kama mtu asiye na kosa. "Mama Adhiambo, mimi Kijaluo sijui. Mtu akianza kuongea, nafinya kitufe. Watu wa kudensi wanataka gita, hawataki mkutano."

Anafanya hivyo kwa kaseti zote za Kijaluo. Miaka yote. Wanaume wangapi amewafinya huyu, wengine wamekufa, na hajui hata walisema nini.

Nilimwita mwizi wa sauti. Nikaongeza maneno juu ya kabila lake ambayo sitaandika hapa. Akafuta vioo vya kaseti na kitambaa. Bado nina hasira. Lakini hayo maneno sikupaswa.

Ijumaa Kuu, 1 Aprili

Leo watu hawali nyama. Nimenunua samaki wa ngege ufuoni Dunga alfajiri, zingine bado zinapumua, nikapanda nazo Milimani mlango kwa mlango. Adhiambo mgongoni, beseni kichwani.

Geti la nne nikabisha. Akafungua Okelo.

Gumboti. Kaptula imepasuka. Panga la kufyeka nyasi mkononi na mbwa mkubwa nyuma yake. Hakuna kalamu.

Tuliangaliana. Ndiyo, anakaa Milimani. Kwa chumba cha nyuma, karibu na banda la kuku.

Nitaandika ukweli. Nilifurahi. Nilisikia utamu kama sukari. Nikamwambia kesho benchi yote itajua, na nitaimba na chupa mkononi. Akasema, "Mama, tafadhali." Mara ya kwanza kusikia neno hilo kwake. Nikamwambia nilikuomba mbele ya watu wanne, na wewe ulinipa nini?

Mtoto akaanza kumwita mbwa. Hasira ikaniponyoka kidogo. Nikamwambia hata sitaki muziki wake. Abaki nao, awe peke yake duniani. Nataka mwanamume anayeongea katikati. Ni baba ya huyu.

Akaweka panga chini. Akauliza ni yule mwenye kucheka kabla ya kuongea?

Owino alikuwa akicheka kabla ya kuongea.

Akasema wenye nyumba wamesafiri Pasaka. Nije Jumatatu mchana. Sikusema asante. Nilimuuzia ngege mbili bei ya Milimani.

Jumamosi, 2 Aprili

Nilienda kwa benchi. Okelo alikuwa hapo, pasi na kalamu zake mbili, jasho kwa paji la uso. Akawa anawasimulia bustani yake, maua yake, vile mbwa wake anakula nyama kuliko watu. Kila sentensi ananiangalia.

Ulimi uliniwasha. Nikaumeza. Nikasema tu kwamba Milimani kuna nyasi nzuri sana. Akakohoa.

Njoroge nilimwomba msamaha. Akasema sawa, lakini hakuniangalia usoni. Ni haki yake.

Jumatatu, 4 Aprili

Chumba chake ni kidogo kuliko changu. Kitanda, jiko, na kaseti mpaka darini, zimepangwa kwa mwandiko mzuri kuliko wangu. Alitoa kiti kimoja nikakaa. Yeye alisimama mlangoni.

Chupa ikalia. Gita zikashuka. Halafu Owino akacheka.

Akasema, "Mimi Owino fundi! Mtoto wa Nyakach! Nanyoosha rimu kwa macho! Mimi wuon nyako!"

Baba wa msichana. Amesema hivyo.

Mtu nyuma akapiga kelele, msichana gani, wewe bado huna mtoto! Watu wakacheka. Owino akasema, "Yuko njiani. Nimeshasema ni msichana. Pigeni gita!" Na gita zikapanda.

Ni hayo tu. Haifiki dakika moja.

Kwangu alisema kijana, kwa mama yake alisema kijana. Kwa watu asiowajua, kwa pesa yetu ya unga, akasema msichana. Sijui kwa nini. Hakuna wa kumuuliza.

Adhiambo hakushtuka. Alikuwa ameshika kaseti ya Okelo mdomoni. Gita zilipopanda akatingisha matako. Nilirudisha nyuma, akatingisha tena.

Okelo alichukua ile nakala yangu ya Njoroge, akaziba vitundu vya nyuma na karatasi ili ikubali kurekodiwa, akarekodi wimbo mzima juu yake, na maneno yote. Mimi nikamwachia Kamongo Stars mpaka Jumamosi. Mama Zuhura alikuwa amekubali. Hatujawa marafiki. Nilipokuwa nikitoka alisema nijihadhari na mbwa.

Nimefika nyumbani nimeitoa ile karatasi. Mashimo yako wazi, hakuna mtu atarekodi juu yake. Jina nimeandika mwenyewe kwa kalamu. Nilitaka kuandika Opuk Jazz. Nimeandika Baba Adhiambo.

Betri nimezianika tena, kando ya omena. Kesho mama mkwe anakuja. Nitamwekea kiti karibu na redio.