Mdudu wa Milanzi ya Mama

Makambako, 14 Januari 2024

Kamwene baba, na shikamoo. Kifua kimepoa? Mimi mzima, ila tope la huku halina adabu.

Yule mdudu wa kijani mwenye ukingo mwekundu, niliyemwokota kwenye milanzi, ile mianzi ya pombe ya mama, siku ya msiba wake, mtaalamu wa wadudu anasema ni nadra kurekodiwa. Lakini jike mmoja mkavu hatoshi. Anataka dume, na ajue anavyoishi. Naomba usiing'oe milanzi kabla hujanitafutia dume.

Mwanao, Oktavia

Njombe, 3 Februari 2024

Marahaba mwanangu. Kifua kinakohoa kwa zamu. Nimepekua majani yote, mimi Ezekieli mzima naonekana kama natafuta sindano. Hayupo. Miche ya parachichi imeshafika, na jirani yetu Ambrose anakuja na jembe kuing'oa milanzi mwisho wa mwezi. Mianzi isiyogemwa ni kichaka tu.

Baba yako

Makambako, 9 Februari 2024

Shikamoo baba. Pole na kikohozi, chemsha tangawizi.

Kosa ni langu, nilikutuma kwenye majani. Mama alipokuwa akigema aliwasogeza wadudu hawa kwa kidole kwenye chipukizi lililokatwa, akisema, “Nanyi mna kiu.” Nadhani wanafuata utomvu, na tangu afariki hakuna aliyekata. Najua uliapa kutogusa kisu chake. Gema kidogo tu, baba. Nami nimemkumbuka.

Mwanao, Oktavia

Njombe, 17 Machi 2024

Marahaba. Tangawizi imesaidia.

Nilikinoa kisu huku nalia, nisikufiche. Nikakata machipukizi, nikafunga mbeta za mwanzi za kukingia utomvu, nikawa narudi asubuhi na jioni kukata upya. Siku chache tu, hao. Dume na watoto nimekutumia kwa basi kwenye kichupa cha spiriti. Jike analalia mayai chini ya jani. Nilimchokoza kwa unyasi, akaniinamishia mgongo, hakuondoka. Nimekaa kumtazama hadi ugali ukapoa.

Ambrose nimemwambia apeleke miche kule bondeni. Ulanzi upo, mtamu, ila wa kunywa peke yangu haupiti kooni.

Baba yako

Makambako, 2 Aprili 2024

Shikamoo baba. Afya yangu njema, na yako nitaiona mwenyewe.

Dume ameondoa shaka, ni wa aina ile ile adimu. Mtaalamu anasema habari ya jike kulalia mayai hajaiona ikiandikwa popote. Nilimsomea barua yako, hadi pale ugali ulipopoa.

Jumamosi nakuja. Asubuhi hiyo usigeme, niachie mimi kisu.

Mwanao, Oktavia