Wali wa Ngonga Kwenye Mchanga Mweusi

Dada Subilaga, ugonile? Sisi ni wazima, ila vumbi bado linatutoka masikioni.

Jumamosi shemeji yako aliazima lori la kazini akatupeleka mbuga ya wanyama, huku nyuma ya Oldeani. Ni nchi kame kabisa, ina kilima cha mchanga mweusi ambacho upepo unakisogeza. Hapo rejeta ikachemka, naye akamimina humo maji yetu yote ya kunywa. Binti yetu Tupokigwe akaanza kulia kwa kiu, nami nikaogopa kweli.

Mara akapita bibi mmoja wa Kimasai na punda wake, akampa mtoto kibuyu cha maziwa. Sikuwa na la kumpa ila wali baridi wa mchele wenu wa Ngonga. Aliunusa, akaonja, akacheka, kisha akaufunga uliobaki kwenye shuka lake. "Wajukuu," akaniambia.

Basi Tupokigwe, ambaye nyumbani hujifanya hajui Kinyakyusa, akapiga magoti mchangani akamshukuru, "Ndaga fijo, bibi!" Machozi yalinilenga.

Mwambie Mama mjukuu wake hajapotea. Mungu awatunze nyote, na mpunga ustawi.

Mdogo wako,
Atupele