Mumbere Yafesi Wawili

Barabara ya Kilembe,
Kasese.
Machi 11, 2025.

Mpendwa mdogo wangu Ephraïm,

Habari za huko kwenye baridi? Yvette na watoto wanaendeleaje, na mgongo uliokusumbua mwaka jana umetulia? Sisi tu wazima. Mvua zimeanza mapema. Mto Nyamwamba umejaa, lakini hadi leo asubuhi ulikuwa bado ndani ya kingo zake. Baba anakula vizuri na kulala vizuri. Habari za masikio yake unazijua kuliko mimi, maana uliyapima mwenyewe.

Jumamosi nilikuwa Bwera, nikapita kwa mama yako. Shangazi Emérance bado anauza vitenge karibu na soko, na bado anawakemea wateja wanaoshika kitambaa bila kununua. Aliniuliza kama umenenepa. Nikasema sijui. "Basi umuandikie akule," akasema. "Hata kama iko docteur, tumbo haisomake buku." Nimefikisha.

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kifaransa chako kilinishinda zamani, na Kiingereza sisi wawili tunakitumia kazini tu. Hiki ndicho tulichokikuta kwenye nyumba za mgodi, ambako Mkonzo na Mwacholi waligawana ukuta mmoja na ilibidi waelewane.

Makala yako kuhusu masikio ya wazee waliotoboa mwamba Kilembe nimeyasoma mara tatu. Uliniomba nikague miaka na majina ya mahali kabla hujayapeleka kwa jarida tarehe 31. Miaka ni sawa. Bugoye umeikosea herufi moja kwenye ukurasa wa nne.

Ukurasa wa pili umeandika kelele za mashine kwa namba. Namba zenyewe sizipingi. Mimi zilinikumbusha baba akitoka zamu ya asubuhi, anakaa kwenye ngazi bila kuvua buti, na sisi tumesimama mbele yake tukingoja mlio umtoke kichwani. Mama alikuwa anainua kidole kimoja, maana yake bado. Wewe ndiye uliyekuwa unachoka kwanza. Ulikuwa na miaka saba, umeletwa kutoka Butembo kusoma kwetu, na ulimpenda mjomba wako kuliko chakula.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue karatasi badala ya simu. Katika sehemu ya mbinu kuna sentensi fupi: rekodi kumi na saba zilizojirudia ziliondolewa. Ephraïm, zile siku tatu za kupima kwenye ukumbi wa kanisa, daftari niliandika mimi. Waliopimwa walikuwa 143. Makala yako yana 126. Hakuna aliyepimwa mara mbili. Foleni niliisimamia mwenyewe, na kila aliyepimwa alipewa soda; wale wazee wasingekubali mwenzao anywe mbili.

Nilirudi kwenye daftari nikaona kilichotokea. Kwetu Wakonzo jina hufuata uzazi: Mumbere ni mwana wa kwanza, Bwambale wa pili, Masereka wa tatu, au Kasereka kama mnavyosema ng'ambo yenu ya mpaka, Butembo. Ongeza majina ya ubatizo, na hayo nayo yalikuwa machache. Ongeza mwaka wa kuzaliwa wa kukisia. Hapo kosa ni langu: kila aliyesema hajui siku yake, nilimwandikia Januari 1. Kompyuta ya wenzako ikamkuta Mumbere Yafesi, mtoboaji, Januari 1, 1948, mara mbili, ikaona ni mtu mmoja. Mmoja ni wa Bugoye. Huyo imembakiza. Aliyefutwa ni baba.

Wenzako hawangejua. Wewe jina lako ni Kasereka. Ile sentensi ilipaswa kukusimamisha.

Nilimweleza baba kwa maandishi, kwa kuwa kumpigia kelele ni kuwaita majirani. Alisoma, akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mimi na ile Mumbere ya Bugoye iko mutu moja? Ile mutu alikuwa anashika mashine kama anashika mbuzi!" Kisha akauliza kama wewe umeliona jambo hili. Nikaandika: sijui. Kanisa zima limeshaambiwa kwamba masikio yake yamo kwenye kitabu cha Ulaya.

Aliinuka, akarudi na kipande chake cha kazi. Unakikumbuka: kile kisahani cha shaba chenye tundu moja, namba 1174. Ulikuwa unakisugua kwa majivu kila Jumapili hadi vidole vinakuwa vyeusi. Unaukumbuka pia ule ubao wa misumari langoni. Mtu akiingia chini aliacha kipande chake msumarini, akitoka alikichukua. Mwaka 1979 ulisimama mbele ya ubao ule tangu saa nane mchana hadi jua likazama nyuma ya mlima, kwa sababu 1174 ilikuwa bado inaning'inia. Nilitumwa nikurudishe, ukakataa. Nyapara Ssali, tuliyemwita afande ingawa hakuwahi kuwa askari, alikuja akakuambia, "Toto, enda nyumbani. Kipande ikibaki, tunarudi chini. Hatuangalii jina."

Wakarudi chini. Wakamkuta baba anamalizia tundu lake la mwisho. Honi ya kutoka ilikuwa imelia na hakuisikia. Alikuwa na miaka thelathini na moja. Hilo makala yako hayana.

Wiki mbili hizi nimewazunguka wote kumi na saba, pamoja na wale waliofanana nao majina. Wengi bado wana vipande vyao. Mmoja chake kilichukuliwa na mafuriko, lakini namba aliitaja kabla sijamaliza kuuliza. Bwambale Eriya wa Karusandara alifariki mwezi wa kwanza. Mjane wake, Musimenta, amekifunga kipande kwenye ufunguo wa stoo ya mahindi, akaniazima kwa dakika moja, mkono wake ukiwa umenyooshwa muda wote. Niliweka karatasi juu ya kila kipande nikasugua kwa penseli. Karatasi zimo kwenye bahasha hii. Hakuna namba mbili zinazofanana.

Najua tarehe 31 imekaribia. Najua majedwali yako yote yatabadilika, na wakubwa wako watauliza ulikuwa wapi. Hata hivyo, usiyapeleke mpaka wawe 143. Yakitoka na 126, nitaandika sahihisho kwenye gazeti letu ninaloandikia, kama ninavyofanya kwa mtu mwingine yeyote. Jina lako litakuwemo, na nitaliandika vizuri, pamoja na zile nukta mbili juu ya i.

Mume wangu Kiiza anakusalimu, anasema kile kisu chako ulichosahau anakitumia. Mama yako umpigie Jumapili baada ya misa, si kabla. Nisalimie Yvette, na umwambie Aimée kwamba nyanya yake wa Bwera amemwekea kitenge cha kijani, hakiuzwi.

Mungu anayeilinda milima hii akulinde hata huko kwenye tambarare, akupe nguvu ya kulifanya hili bila kuchelewa.

Dada yako asiyekusahau,
Ithungu

Baba ameisoma barua hii kabla sijaifunga. Aliomba penseli. Mstari huu wa chini ni wa mkono wake.

1174 iko chini bado.