Mama Yufemia na Ubao wa Mlangoni

Mama Yufemia wangu,

Nakuandikia kwa kalamu ya mjukuu wako, ile ya wino wa zambarau, kwa hiyo usidhani nimepata mchumba. Karibu mwaka sasa umelala kule Bungoma kando ya mama yangu, ambaye hamkuelewana hata siku moja. Natumaini mmezoeana, maana hakuna pa kuhamia.

Kuku wako ni wazima, isipokuwa yule wa shingo tupu, ambaye ameanza kutaga kwenye kiti chako na kunitazama kama mimi ndiye mgeni. Unajua nikiwa na jambo zito naanza na kuku. Basi ujue lipo, na nitalifikia.

Unakumbuka siku uliyoingia wodi ya mahututi? Ulikuwa umetoka chuo cha unesi wiki ileile, kofia imekazwa kwa wanga mpaka inafika mlangoni kabla yako. Mimi nilikuwa mfagiaji wa wodi hiyo, mwaka wa tatu, najiona profesa wa deki. Vitanda vinne, mashine mbili za kupumulia, mirija kila mahali, na kila kitu kinalia. Chuoni ulikuwa wa kwanza, hilo uliniambia mara mia baada ya kuoana. Lakini mtihani haupigi kelele. Mashine ikilia, uliruka. Ikinyamaza, uliruka zaidi.

"Wafula, hii imezimika ama ni mgonjwa amezimika?"

"Sista, hiyo ni redio ya daktari."

Kila siku ikifika saa nne asubuhi ulikuja stoo yangu, ukapindua ndoo, ukakaa juu yake, ukalia. Siku ya kwanza nilikuonea huruma. Siku ya nne sakafu ilikuwa inaningoja.

"Sista, hiyo ndoo naitaka."

"Niache, Wafula. Nitaua mtu humu mimi."

"Sawa tu. Lakini kwanza nipe ndoo."

Ukacheka mpaka kamasi zikatoka. Hapo ndipo nilipokupenda, na sikukuambia. Mwanaume ataanzaje kusema alipenda kwa sababu ya kamasi?

Ulikuwa kwenye ile miezi mitatu ya kujaribiwa. Kosa moja kubwa, unarudi Machakos kwa baba yako mwalimu, ambaye alikuwa ameshalitangazia kanisa zima kwamba binti yake anafufua watu Nairobi. Na kosa kubwa kuliko yote machoni pa Matroni, mkuu wa manesi, lilikuwa lile la ubao. Ubao mweusi pale mlangoni, namba ya kitanda na jina la mgonjwa. Mgonjwa akihamishwa, nesi anaandika kwa chaki amepelekwa wapi. Jamaa za mgonjwa hawasomi faili, wanaangalia kitanda. Na sisi watu wa magharibi ya nchi tukikuta kitanda kitupu na godoro limekunjwa, hatuulizi mtu. Tunaanza kulia.

Basi ikaja ile Jumapili ya mzee Makokha, fundi wa paa aliyeanguka kutoka juu ya nyumba ya tajiri mmoja huko Lavington. Siku tisa ulimchunga kama yai. Ulihesabu pumzi zake hata mashine ilipokuwa inazihesabu. Jumapili hiyo alikuwa ameamka, amekunywa uji, ameutukana uji, na daktari akasema huyu amepona, apelekwe wodi nne, ng'ambo ya uwanja. Akasukumwa kwa kitanda cha magurudumu saa sita mchana. Dakika ileile wakaingiza mama mmoja aliyegongwa na gari, na mashine zote zikaanza wimbo. Ulikuwa unakimbia huku na huku, kofia imegeukia sikioni.

Saa kumi jamaa wakafika kutoka Kawangware, wametoka kanisani, kwaya nzima na kapu la kuku wa kuchemsha. Mama Makokha, mke wa mzee, akatangulia. Akaona chuma tupu cha kitanda namba tatu, godoro limekunjwa, madirisha wazi, harufu ya dawa. Akaangalia ubao. Haukuwa na kitu.

"Woooi! Makokha wangu! Umeenda na hata kuku hujaonja!"

Akajitupa chini, kwenye sakafu yangu mbichi. Wanaume wakavua kofia. Kwaya ikaanza wimbo wa maziko pale pale, na kabla hujatoka nyuma ya pazia la yule mama aliyegongwa, msafara ulikuwa umeshika njia kwenda chumba cha maiti. Ukatoka mbio unapiga kelele, "Yuko hai! Ngai wakwa, Mungu wangu, yuko hai!" Hakuna aliyekusikia. Nani amsikilize nesi mwenye kofia sikioni?

Sasa njia ya kwenda chumba cha maiti inapita chini ya madirisha ya wodi nne. Na hapo ndipo Simiyu, shemeji wa mzee, alipoona inafaa kusema, "Lile koti lake la kijivu aliniahidi mimi. Lisizikwe naye."

Dirisha likafunguka. Ikatoka sauti ya kukwaruza, ya mtu aliyetolewa mpira kooni majuzi tu.

"Simiyu, koti liache palepale lilipo. Na nyinyi, mbona mnaimba bila besi? Nani amekufa?"

Mchungaji ndiye aliyekimbia wa kwanza. Aliruka ua la maua na Biblia mkononi, na viatu vyake vilipatikana Jumanne. Mama Makokha alizimia, akazinduka, akamtandika mumewe na kapu kupitia dirishani kwa kumtisha. Wagonjwa wa wodi nne walicheka mpaka mmoja akakatika nyuzi.

Matroni hakucheka. Alikuja na hatua zake ndefu za kupima korido, akausoma ubao mtupu kama mtu anayesoma gazeti, akasema, "Sista Mwende. Kesho saa mbili. Ofisini kwangu."

Uliingia stoo, ukakaa juu ya ndoo yetu, ukaandika barua ya kuacha kazi. Ukanipa. "Mpelekee Matroni. Afadhali niondoke kabla sijafukuzwa. Mtu anayesahau ubao leo, kesho atasahau hewa." Kiingereza changu kiliishia darasa la nne, lakini maneno ya kuacha kazi niliyajua, maana nilikuwa nimeshaachishwa mara mbili.

Sasa nimefika kwenye jambo lenyewe. Vuta pumzi. Najua huna, lakini vuta.

Hukusahau, Mwende.

Asubuhi ile ulikuwa umenigombeza mbele ya daktari. "Wafula, unapiga deki sakafu peke yake, kwani ukuta si mali ya hospitali?" Nikasema leo huyu Mkamba ataona usafi. Mzee Makokha alipotolewa, nikakunja godoro, nikafungua madirisha, nikasugua chuma, nikasugua ukuta, na kitambaa kikafika kwenye ubao. Palikuwa na maneno ya kila kitanda, na ya mwisho yalikuwa haya. Namba tatu, Makokha, wodi nne. Mwandiko wako, umeinama kama unakimbia; kwa mbio zile hata hukukumbuka kwamba uliandika. Nikaona ni uchafu wa chaki, nikaupangusa. Maji ya ndoo yakawa meupe, na mimi nikajisifu.

Nilijua kosa ni langu tangu mama Makokha aangalie ule ubao. Na nikanyamaza.

Barua yako nilifika nayo mpaka ofisini. Matroni akauliza, "Unataka nini?" Nikasema dawa ya sakafu imekwisha. Akanipa mtungi mzima. Uliponiuliza, "Umefikisha?" nikajibu, "Nimefika." Si uongo. Kesho yake alikugombeza kidogo, akasema ubao ni mdomo wa wodi, rudi kazini. Ukatoka umeng'aa. Ukaamini kwamba amesoma barua yako akaichana kwa upendo. Ukampenda yule mama mpaka mtoto wetu wa kwanza ukampa jina lake, na mimi niliyekuwa na barua mfukoni nikaitikia, "Jina zuri." Yufemia hajanisamehe jina hilo hadi leo, na hajui hata kisa. Simwambii. Akijua, atanipangusa mimi.

Na wewe kuanzia siku ile ukaandika kila kitu mara mbili. Manesi wapya ulipowafundisha, uliwaambia, "Mimi niliwahi kusahau," nao wakakuamini kwa sababu hukuwa na aibu kusema. Wale waliolia stoo uliwatafuta mwenyewe na kukaa nao juu ya ndoo ya pili. Mara ngapi nilitaka kusema! Lakini nilikuona umejenga nyumba nzima juu ya kosa ambalo si lako, nikaogopa kuvuta tofali. Huo ndio uoga wangu, Mama Yufemia, nisamehe. Barua iko hapa kwenye sanduku, imekuwa rangi ya chai.

Hapa jikoni kwetu Waithaka ule ubao wako bado unaning'inia, ule uliotulazimisha kila mtu aandike anakokwenda. Jumatano ile uliyoondoka usirudi tena, uliandika, "Mama, kliniki, nitarudi saa tisa." Mara mbili, mstari chini ya mstari. Wiki iliyopita Yufemia alikuja na kitambaa kusafisha. Nilimnyang'anya.

"Baba, ni chaki tu."

"Kapike chai."

Nilishapangusa mwandiko wako mara moja maishani. Yatosha. Ila leo nimeongeza mstari wangu hapo chini, usije ukapita ukakuta kitanda kitupu ukaanza kulia kama mama Makokha: "Wafula, yuko nje kwa kuku." Nimeuandika mara mbili.

Lala vizuri, na usigombane na mama.

Mumeo,
mfagiaji wako