Jino la Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kabla ya mengine. Cherehani ya mama imepata mkanda mpya, na paka wa jirani amezaa chini ya kitanda changu bila hodi.

Dada, barua iliyopita nilikuandikia kwamba jino la mama limeng'olewa. Ni yeye aliyeniambia niandike hivyo. Halijang'olewa. Hela uliyotuma ililipia mtihani wangu, nami nilijua, nikanyamaza.

Unakumbuka alivyokuwa akikata uzi kwa meno na mkasi uko mezani? Siku hizi ananiita, "Mwanangu, njoo unikatie." Mteja mmoja akamtania, "Fundi, umeajiri panya?" Mama akacheka, mkono shavuni.

Jana usiku nilimkuta jikoni gizani; nilipowasha taa nikaona amejaza maji ya chumvi mdomoni, machozi yanamtiririka. Shavu limevimba mpaka jicho halifunguki. Akayatema, akasema, "Rudi ulale, kesho una mtihani. Na dada yako asisikie."

Mambo haya siwezi kuyasema kwa mdomo, unanijua. Leo nimejibu maswali yote, na kila jibu niliona kama nimelitafuna kwa jino lake.

Tafadhali usimtumie hela tena, atanunulia madaftari yangu. Njoo mwenyewe, hata kwa siku mbili, umshike mkono umpeleke.

Sasa hivi ananiuliza kutoka chumbani nimekuandikia nini. Nimemsomea habari za paka.

Mdogo wako,
panya wa fundi