Binti Yangu Alikatizwa Fidla Mbele ya Watu, Nikapanda Jukwaani

Mpendwa mshauri,

Kwanza pole na kazi, maana najua barua unazopokea ni nyingi na nyingine ni za watu wanaogombania wanaume, yangu siyo hiyo, mume wangu ninaye na katulia, yangu ni ya mtoto, naomba uisome mpaka mwisho kwa sababu nimeiandika saluni kati ya mteja na mteja, na ukiona karatasi ina doa ujue ni mafuta ya nywele, siyo machozi, ingawa machozi nayo yalikuwa karibu.

Mimi ni msusi, nina saluni yangu mwenyewe, siyo ya kupanga kiti kwa mtu, na wanafunzi wa kusuka wamepita mikononi mwangu mpaka leo wengine wana saluni zao na wakiniona barabarani wananikimbilia, "Mama! Mama!" Shule niliiacha mapema, sifichi, lakini Mungu hakuninyima kila kitu, alinipa kitindamimba wangu, binti, ambaye anapiga fidla. Siyo kupiga kama watoto wanavyopiga makopo, anapiga ule muziki wa zamani ulioandikwa kwenye karatasi, wa watu kukaa kimya na kusikiliza, anazisoma zile nukta nyeusi kama wewe unavyosoma gazeti, na kwenye ukoo wetu wala ukoo wa baba yake hakuna aliyewahi kufanya hivyo, ndiyo maana mtaani wananiita Mama Fidla na mimi naitika.

Sasa mwalimu wake wa shule ya muziki akatuambia kuna bingwa anakuja, mzee mmoja aliyezunguka dunia na fidla yake, na atafanya darasa la wazi, yaani atawafundisha wanafunzi wachache waliochaguliwa, mmoja mmoja, jukwaani, watu wakitazama, na binti yangu kachaguliwa. Mshauri, mimi nikisikia jukwaa, nikisikia watu watatazama, nikisikia kuchaguliwa, kichwani mwangu hayo ni mashindano, nani angeelewa vingine? Siku yenyewe nikafunga saluni, nikawabeba wateja wangu, nikamwita na wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye siku zote husema namjaza mtoto kiburi, nikamwambia njoo uone kwa macho yako. Tukajaza safu nzima ya mbele, tunanukia ukumbi mzima.

Akatangulia kijana mmoja wa tai, akapiga wimbo wake wote, bingwa anamsikiliza kidole shavuni, mwisho akasema, "Vizuri sana, asante," akamwongezea maneno mawili matatu, kijana akainama, akashuka. Nikamnong'oneza wifi, "Huyo kapata vizuri sana, subiri wetu."

Akapanda wetu. Gauni nilimchagulia mimi, kichwa nilimsuka mimi, mistari imelala kama imechorwa kwa rula. Akaanza, mshauri, mwili ukanisisimka wote, na wimbo haujakolea bado bingwa akanyanyua mkono, "Asante, simama hapo." Mimi nikajua tayari, uzuri umeonekana mapema, kampita yule kijana bila hata kumaliza, basi nikapiga kigelegele na wateja wangu wakadakia, ukumbi mzima ukatugeukia. Binti akatazama chini. Bingwa akatabasamu, akasema, "Tuanze tena." Akaanza, akamkatiza. Akaanza, akamkatiza palepale. Kigelegele changu cha pili kikafia kooni.

Kisha akamwambia auache wimbo. Wimbo ambao mtoto kaufanyia mazoezi mpaka majirani wanauimba wakifua! Akamwambia asiweke kidole hata kimoja kwenye nyuzi, avute upinde tu, kile kijiti cha kupigia, uzi mmoja, kwenda na kurudi, sauti ileile, piiii, kama mlango unaodai mafuta. Mara amshike kiwiko, mara aseme, "Shusha bega, hujabeba ndoo," watu wakacheka, mara, "Polepole, huo upinde hakuna anayeufukuza," wakacheka tena. Wifi akaniinamia sikioni, "Wifi, kwani huyu bado hajafika kwenye nyimbo?"

Hapo damu ikapanda. Nikasimama nikasema kwa sauti, "Mzee, samahani, mwache mtoto amalize wimbo wake, kama humtaki sema, watu tumeacha kazi zetu!" Yule mzee akajibu kwa upole, "Mama, tafadhali kaa, ndiyo kwanza tunaanza." Ndiyo kwanza tunaanza! Nikasema kumbe ndiyo kwanza anaanza kunidhalilishia mtoto, nikapanda ngazi za jukwaa, nikachukua fidla mikononi mwa mwanangu, nikamshika mkono, tukatoka katikati ya watu, mimi kichwa juu, najua nimemwokoa.

Tulipofika nje nikamwambia, "Nyamaza mama, usilie, hawajui kitu hao."

Akasema, "Mama, umenikatiza."

"Mimi? Aliyekukatiza si yule mzee?"

"Yeye alikuwa ananifundisha."

Tangu Jumamosi hiyo mtoto haongei na mimi. Heshima ipo, sisemi uongo, atanisalimia asubuhi, ataniambia maji yako bafuni, basi, kama mpangaji na mwenye nyumba. Na mimi fidla nimeifungia kwenye kabati la saluni pamoja na nywele za bandia mpaka akili zimrudie. Mwalimu wake kaja mwenyewe, kasimama mlangoni maana ndani kulijaa, anasema bingwa kamuulizia yule binti, anataka kuendelea naye kwenye darasa la mwisho Jumamosi hii kabla hajasafiri. Nikamjibu mwanangu siyo wa kuchekwa mara mbili. Wateja nao hawana adabu, mwingine yuko kwenye kiti changu kabisa ananiuliza, "Mama Fidla, ile piiii imefika wapi?"

Binti aliposikia ameitwa akanifuata saluni, akasimama mbele yangu, akasema, "Mama, naomba fidla yangu. Nataka kwenda. Ila naomba wewe usije." Mimi! Niliyembeba tumboni, niliyembebea na sanduku la fidla tangu linamzidi urefu!

Na lililonitisha kuliko yote, jana asubuhi nimepita chumbani kwake, mlango uko wazi kidogo, nikamwona amesimama mbele ya kioo kashika mwiko wangu wa jikoni, anauvuta hewani, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, bega kalishusha, hana fidla, hakuna sauti, anavuta tu. Baba yake nikimwambia anasema, "Mpe mtoto kitu chake," halafu anarudi kwenye redio.

Mshauri, yule mzee kaniharibia mtoto akili? Nimpe fidla aende, au niifungie mpaka huyo bingwa apande ndege? Na akienda, ni haki kweli mama mzazi aambiwe asikanyage? Niambie ukweli, mimi siyo mtu wa kununa, na mkeo akitaka kusuka mlete, nitamtengeneza mpaka usimtambue.

Ni mimi, Mama Fidla

MSHAURI ANAJIBU

Mama Fidla,

Hongera ya mtoto. Nimeitanguliza kabisa, kwa sababu ukiendelea kusoma hutakuta nyingine.

Mimi fidla siijui, hata upinde sijui unashikwa upande gani, kwa hiyo kabla ya kukujibu nilimpigia simu mwalimu mmoja wa muziki ninayemfahamu, siyo wa binti yako, nikamsimulia kisa chako. Alicheka sana kwenye kigelegele. Nilipofika pale ulipopanda jukwaani, hakucheka tena. Akanieleza kwamba darasa la wazi halina mshindi wala mshindwa. Watu hukaa pale kumtazama mtu akifundishwa, na wao wakajifunza humohumo. Kukatizwa ndiyo kazi yenyewe. Bingwa akikusimamisha, ameona mahali pa kushika. Akikusikiliza mpaka mwisho akakwambia vizuri sana asante, inawezekana umempendeza, na inawezekana pia hakuona la kufanya na wewe kwa muda ule. Yule kijana wa tai alishuka na asante yake. Binti yako alishikwa kiwiko na mtu aliyezunguka dunia, na mtu huyohuyo, baada ya vurugu zote zile, bado anamuulizia. Hata mimi nisiyejua nota naona nani alipewa zaidi.

Kwa hiyo mtoto wako ni mzima. Anafanya zoezi alilopewa, na anatumia mwiko kwa sababu fidla umeilaza na nywele za bandia. Ukimnyang'anya mwiko atatumia kidole.

Umenitambia wanafunzi wako, nami nikuulize kuhusu hao hao. Mwanafunzi akisuka mstari ukapinda, unamwacha amalize kichwa kizima ili mama yake asione aibu? Wewe? Unamwambia fumua, mteja kakaa, wengine wako kwenye benchi wanacheka, na nina hakika kicheko chako ndicho kinachosikika mpaka barabarani. Sasa siku mama wa mwanafunzi wako akiingia, akakupokonya kitana, akamtoa binti yake nje mstari ukiwa nusu, utamwitaje mama huyo? Usiniandikie. Gazeti hili linasomwa na watoto.

Kusimama sikulaumu sana. Mama akiona mwanawe anachekwa, miguu inasimama kabla ya kichwa. Ninachokulaumu ni siku zilizofuata. Mtoto alikwambia pale pale nje, kwa maneno machache na bila kukuvunjia heshima, kwamba alikuwa anafundishwa. Ukamjibu kwa ufunguo wa kabati. Na tuseme kweli, mama, kilichokupandisha jukwaani ni bega la mtoto lililochekwa au ni lile neno la wifi yako? Ulimwita aje ashindwe, akaondoka na cha kusimulia, na inakuuma. Nakuelewa, inauma. Lakini huo ni ugomvi wa watu wazima wawili, na binti hana sababu ya kuulipia.

Leo, kabla hujafunga saluni, toa fidla kabatini. Usimtume mtu. Mpelekee mwenyewe, mpe mkononi, useme, "Mwanangu, nilikosea, nisamehe." Ukifika hapo nyamaza. Neno "lakini" likikujia, limeze. Asipokukumbatia, usidai. Halafu mwone mwalimu wake, mwambie binti atakuja Jumamosi, na umwombe akufikishie samahani kwa yule mzee. Samahani tu. Usimfuate anakolala, usimpelekee zawadi, na tafadhali usijitolee kumsuka.

Kuhusu kuambiwa usije: ndiyo, ni haki. Hajakuvua umama, amekuomba siku moja. Anataka kusimama pale akosee, akatizwe, akosee tena, bila kupeleka jicho safu ya mbele kuona uso wako umekaaje. Mtu hawezi kujifunza huku anamlinda mama yake asiaibike. Mwache aende na mwalimu wake. Siku atakayotaka uwepo atakwambia, na ikichelewa, ngoja. Umesubiri vichwa vigumu zaidi ya hicho vikakubali kusukika.

Jumamosi fungua saluni kama kawaida. Mteja akikuuliza, "Mama Fidla, binti leo yuko wapi?" mjibu, "Yuko darasani." Najua yatakujaa mdomoni mengine, bingwa, dunia nzima, kachaguliwa. Yaache. Shika kitana uendelee na kichwa kilicho mbele yako.