Dakika Arobaini za Nyota Jitu

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na shemeji anameza walau supu. Sisi huku kituoni hatujambo. Mlinzi anakusalimu, bado anakuita Bosi.

Uliniambia tangu alazwe, kila alasiri shemeji anakuomba umsomee makala yetu kuhusu nyota jitu, na kwamba ndiyo pekee inayomfanya atabasamu. Ndiyo maana barua hii inaniwia ngumu kuiandika.

Unajua alivyosubiri miaka tisa tupewe siku moja ya setilaiti ya eksirei. Setilaiti ilitazama gesi ya moto inayoizunguka nyota ile, nami huku nikaifuata kwa darubini yetu ya redio. Saa tano asubuhi ikalipuka. Tulipolinganisha, mawimbi ya redio yalitangulia eksirei kwa dakika arobaini. Shemeji, mtu mzima yule, alikaa sakafuni akasema, "Hili ndilo nililosema ujanani, wakanicheka."

Mwezi uliopita fundi alikuja kubadilisha betri ya kompyuta inayorekodi. Akaniuliza tangu lini saa yake iko nyuma. Nikaenda langoni. Siku ya mlipuko umeme ulikatika kidogo, na mlinzi aliandika saa kwenye daftari lake la lango. Nikailinganisha mara sita na saa ambayo kompyuta ilionyesha umeme ulipokatika. Kompyuta ilikuwa nyuma dakika zile zile arobaini. Redio haikutangulia chochote, dada. Vilikuja pamoja.

Kuhakiki saa ile ilikuwa kazi yangu. Nilitia sahihi kwamba nimeihakiki, na sikuigusa. Setilaiti hatutapewa tena, na nyota hailipuki kwa kuombwa.

Jumapili, ulipotoka kufuata dawa, nilikuja kumwambia. Alinishika mkono, akaniomba nimsomee pale penye dakika arobaini. Nikasoma. Akasema nirudie, nikarudia.

Jana nimewaandikia wahariri wa jarida waiondoe makala. Jibu lao litaingia kwenye simu yake, kwa kuwa jina lake ndilo la kwanza, na simu hiyo unaishika wewe. Sijui nikuombe umfiche au umweleze. Nimejaribu kuamua, nimeshindwa, na sasa nimekutwisha wewe.

Wasalimie wauguzi wa wodini. Shemeji msalimie pia, ukiona inafaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba